Folda ya Pili

Waliofika kituo cha polisi Ifakara asubuhi ile kwa ajili ya Ildefonce hawakumletea chai. Walikuja kuuliza atapelekwa mahakamani lini, na wawili watatu wakasema bila kificho kwamba kama serikali imechoka naye, wapewe wao. Walitoka Likwambi, kitongoji kilichoko mbele ya Mchombe, ambako siku chache nyuma mto ulivunja kingo alfajiri, ukapita nyuma ya mashamba ya mpunga na kumchukua Theresia akiwa dunguni, jukwaa la shambani alikohamia msimu huu kuamia ndege. Ildefonce ndiye aliyekuwa mlinzi wa king'ora cha mafuriko. King'ora hakikulia. Kwa watu wa Likwambi kesi iliishia hapo, ikabaki hukumu tu.

Kwa Inspekta Aurelia ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na subira ya kumuudhi mtu, na wenzake walimtania kwamba akiletewa kesi ya wizi wa kuku atamhoji kuku kwanza. Likwambi alikuwa ameshafika. Kila mtu alimsimulia jinsi Ildefonce alivyolewa akazima king'ora apate usingizi, lakini hakumpata hata mmoja aliyemwona ameshika chupa. Akayaacha maneno ya watu, akakiendea kisanduku cha king'ora chenyewe.

Kisanduku kile kilijiendesha. Kilifungwa juu ya nguzo pamoja na king'ora, kikila umeme wa jua, na ndani yake mlikuwa na programu iliyopokea habari za kina cha maji kutoka kwenye vipimo vilivyosimikwa mtoni huko juu. Programu ikiona hatari ilipaswa kupiga king'ora na kutuma ujumbe kwa viongozi wa kitongoji. Kazi ya Ildefonce ilikuwa kufuta vumbi kwenye sola na kufukuza wezi. Aurelia aliwahi kupelekwa kozi ya makosa ya mtandao, na kumbukumbu ya kisanduku haikumshinda kuisoma. Kilikuwa macho usiku kucha. Hakuna aliyegusa swichi. Habari za maji kupanda kilizipokea zote, na bado kilinyamaza. Alinakili programu kwenye flashi akarudi nayo mjini.

Mkuu wake wa upelelezi alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wafiwa mlangoni.

"Kisanduku hakipandi kizimbani, Aurelia," alisema. "Kesho asubuhi jalada linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Kama huna jina jingine, litakwenda na hili nililonalo."

Kosa lenyewe lilikuwa kuua bila kukusudia. Kwa mtu wa umri wa Ildefonce, hiyo ilimaanisha kwamba huenda nyumbani asingerudi tena.

Kabla ya kutoka Aurelia alipita mahabusu. Alimwamkia shikamoo kupitia nondo, askari wa zamu akacheka, lakini mtu akikuzidi umri amekuzidi, awe ndani au nje. Mzee aliitikia huku ameukumbatia mkono wake uliofungwa bandeji. Watu wa Likwambi walikuwa wameuvunja kabla polisi hawajafika. Hakuuliza habari za kesi. Alirudia neno lile lile alilolisema tangu siku ya kwanza, kwamba hakuwa amelewa, na akaomba kama ni kufungwa wamfunge, ila wasimwandikie ulevi, kwa sababu ana binti wa kuolewa. Aurelia alihisi uchungu wa kweli, akatoka bila kumuahidi kitu.

Ofisi ya ushirika wa wakulima uliofunga king'ora kile ilikuwa nyuma ya maghala ya mpunga, chumba kimoja chenye feni, kompyuta moja ya mezani na harufu ya pumba mpya. Meneja wake, Abdulkarim, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alimpa Aurelia kiti chake mwenyewe. Mezani alikaa Emanuel, mtaalamu wa kompyuta, macho mekundu, nywele amenyoa zote. Naye alikuwa mfiwa. Theresia alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga na kumsomesha kwa mpunga wa shamba lile lile alilofia. Aurelia alimpa pole, naye akapokea kwa kuinamisha kichwa. Hakuna mtu mjini aliyemtaka Ildefonce afungwe kuliko yeye. Inasemekana kofi la kwanza pale Likwambi lilikuwa lake.

Aurelia alimwomba amweleze programu ile kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Emanuel alieleza vizuri, kama mtu anayeipenda kazi yake. Programu iliandikwa kwa lugha mbili za kompyuta. Sehemu kubwa aliiandika mwenyewe kwa Java, nayo ilikaa kwenye folda yake. Ndani yake ilikuwamo kanuni ya zamani: maji yakifika alama nyekundu kwenye nguzo ya king'ora, piga king'ora. Kisha ushirika ukamwajiri Mariana, binti kutoka chuo, akaona kanuni hiyo inachelewa mno. Akaandika mpya: vipimo vya juu vikianza kupanda, piga king'ora mapema, kabla maji hayajafika mashambani. Hiyo aliiandika kwa Kotlin, ikakaa kwenye folda ya pili.

"Na programu inajuaje ifuate kanuni ipi?" Aurelia aliuliza.

"Ikiwaka inaitafuta mpya kwanza. Ikiikosa, inatumia ya zamani."

"Basi usiku ule ilitumia ya zamani."

Emanuel akasema itakuwa hivyo, maana maji yalipita nyuma na nguzo haikulowa mpaka mashamba yalipokuwa yameshazama. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetoa jambo lililomkaa rohoni, akaongeza kwamba angekuwa yeye polisi angemtafuta Mariana. Binti yule aligombana na ofisi, akaondoka kwa hasira akiwa amebeba laptopu yake, na aliijua programu ndani na nje. Kuharibu kitu unachokijua ni kazi rahisi.

Aurelia aliliandika jina la Mariana. Asiyekuwepo na lake halipo, na mara nyingi hapo ndipo kesi zinapokwenda kombo, lakini neno lenyewe halikuwa la kupuuza. Akaingiza flashi, akamwonyesha Emanuel programu iliyotoka Likwambi. Ndiyo, alikiri, hiyo aliijenga yeye, baada ya Mariana kuondoka, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji alibadilisha namba ya simu na ilibidi namba mpya iingizwe. Aliijengea pale pale, kwenye kompyuta ile ya mezani.

"Folda zote mbili?"

"Zote mbili, afande. Kwa mipangilio hii hii."

Akamfungulia faili la mipangilio, ile karatasi ya maagizo inayosomwa na chombo cha kujengea programu. Aurelia aliikagua mstari kwa mstari. Folda ya Kotlin ilikuwa imetajwa, na plagini, yaani kiongezo cha kuishughulikia, ilikuwa imetajwa. Kila kitu kilikaa mahali pake. Akamwomba arudie maelezo yake mbele ya Abdulkarim, neno kwa neno, naye akarudia na kutia sahihi bila kusita.

Limebaki swali moja, alisema Aurelia akisimama. Kwa nini programu mpya ilipelekwa Likwambi bila kujaribiwa? Wangeilaghai mara moja tu kwamba maji yanapanda huko juu, king'ora kisilie, wangejua.

Abdulkarim alikohoa. Jambo hili halikuwa siri, ila halikuwa zuri kulisimulia kwa mgeni. Mwaka juzi walikijaribu king'ora mpunga ukiwa unatoa masuke. Watu wote wakashuka madungu wakakimbilia barabarani na watoto mgongoni, na walipogundua kwamba lilikuwa jaribio tu, ndege walikuwa wameshashambulia mashamba. Mkutano wa kitongoji ukakaa, mikono ikanyooshwa: mpunga ukiwa na masuke, king'ora kisipigwe kwa majaribio. Tangu hapo programu ilipelekwa na bodaboda ndani ya flashi, ikawekwa, taa ya kijani ikiwaka basi kazi imekwisha. Aliyeleta hoja ile alikuwa Mzee Ignas, mume wa marehemu.

Aurelia alipanda gari la kituo akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Kitongoji kizima kilikataza king'ora kisisikike, kisha kikamvunja mkono mlinzi kwa sababu hakikusikika.

Mariana alikuwa amehamia Kidatu, ambako mumewe alifanya kazi mashamba ya miwa. Aurelia alimkuta kwenye nyumba za wafanyakazi, barazani, laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, akifanya kazi ya kampuni fulani ya Dar es Salaam. Mariana alimwamkia shikamoo, akamletea maji ya kunywa, na aliposikia habari ya Likwambi alikaa chini taratibu. Alikuwa hajui. Alimfahamu Theresia, maana alikuwa akija ofisini na mchele wa zawadi kwa mwanawe, naye Mariana akipata fungu lake.

Aurelia alimwacha alie kidogo. Kisha akamuuliza moja kwa moja kama aliiharibu programu kabla ya kuondoka.

"Wamesema hivyo?" Mariana alifuta uso kwa kanga. "Emanuel amesema hivyo?"

"Nakuuliza mimi."

"Ninayo ya mwisho niliyoijenga. Lete hiyo yako tuziweke pamoja."

Akaziweka faili mbili ubavuni kwa ubavu, ile ya kwake na ile iliyotoka Likwambi. Aurelia hakuhitaji kufundishwa kuliona jambo la kwanza. Ya Likwambi ilikuwa mpya zaidi na ilikuwa imeongezewa namba ya simu, lakini ilikuwa nyepesi, nyepesi mno, hata nusu ya ile ya Mariana haikufika. Mtu haongezi mchele kwenye gunia likapungua uzito. Mariana akazifungua zote mbili kama anavyofungua furushi. Ndani ya kwake kulikuwa na vitu vya folda ya kwanza na vya folda ya pili. Ndani ya ile ya Likwambi hakukuwa na chembe ya Kotlin.

"Haikuharibiwa," alisema Mariana. "Haikuingizwa kabisa."

Akaeleza. Kompyuta haisomi kile alichoandika mtu. Lazima kipite kwa mkalimani kwanza, na kila lugha ina mkalimani wake. Chombo cha kujengea programu, kikiachwa chenyewe, kinaijua Java peke yake. Kinakwenda kwenye folda ya Java bila kutumwa. Ukitaka lugha nyingine, ni juu yako kukiambia kwenye mipangilio: folda iko hapa, mkalimani wake ni plagini hii, na mtangulize huyu kabla ya yule. Usipokiambia, kinaipita folda ile kama mtu anayepita mlango wa jirani asiyeongea naye. Hakilalamiki. Mwishoni kinakuandikia kwa kijani kwamba ujenzi umefanikiwa.

"Lakini mipangilio ya ofisini nimeiona leo," Aurelia alisema. "Folda imetajwa. Plagini imetajwa."

Mariana alikunja uso. Akauliza kama ofisi imepata kompyuta mpya, akajibiwa hapana, ni ile ile ya mezani. Akauliza kama mtandao siku hizi unapatikana, akajibiwa unapatikana kwa modemu, ukiamua. Akatikisa kichwa, na alichokisema baadaye ndicho kilichomfanya Aurelia asimame na kutafuta funguo za gari.

"Ile kompyuta haijawahi kuwa na plagini ya Kotlin, dada. Siku zote nilijengea kwenye laptopu yangu. Pale ofisini kila kitu kinajengwa bila mtandao, bando ni la kuchangia, na Emanuel aliweka hivyo kwenye mipangilio ili chombo kisimalize bando kwa kupakua vitu. Nilimwambia siku naondoka, washa mtandao mara moja uipakue, ukae nayo. Akaniambia yeye lugha yangu haihitaji."

"Na bila kuipakua?"

"Haijengi. Inakataa na maandishi mekundu. Kama mstari ule upo, haijengi."

Barabara ya kurudi Ifakara ilikuwa wazi, na Aurelia aliendesha akilipima jambo lile pande zote. Huenda Emanuel aliwasha modemu siku ile, akapakua plagini, akajenga. Lakini hapo Kotlin ingekuwamo, na haikuwamo. Huenda Mariana anadanganya. Lakini faili la kwake lilikuwa zima, na la Likwambi lilijengwa baada yake, kwa kukiri kwa Emanuel mwenyewe. Kisha akaikumbuka tarehe iliyokuwa kwenye faili la Likwambi, na akajishangaa kwa kutoiona mapema. Alikumbuka siku ile vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alishindwa kutuma ripoti kituoni. Njia ya mwongo fupi, lakini alihitaji kuiona mwisho wake kwa macho, mbele ya shahidi.

Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya milima ya Udzungwa alipoingia tena ofisini. Abdulkarim alikuwa akifunga madirisha. Emanuel alikuwa amevaa koti, anataka kurudi matangani. Aurelia aliwaomba wakae kidogo.

"Nijengee programu," alimwambia Emanuel. "Kama ulivyoijenga siku ile. Kompyuta ile ile, mipangilio ile ile. Weka nakala pembeni, faili la zamani usiliguse."

Emanuel aliwasha kompyuta. Mkono wake ukaenda kwenye droo, ukatoa modemu. Aurelia akaweka kiganja chake juu yake.

"Siku ile ulikuwa na mtandao?"

"Bila shaka, afande."

Aurelia akamgeukia Abdulkarim, akamsomea tarehe ya faili, akamuuliza kama anaikumbuka. Meneja wa watu hakujua anaulizwa kwa sababu gani. Alisema ataisahauje, ndiyo ile siku waya wa mtandao ulisombwa na mvua, benki zikafunga, kila mtu bondeni akabaki na simu ya kuongea tu. Yeye mwenyewe ilibidi ampe dereva wa basi ripoti aipeleke Morogoro. Mtandao ulirudi baada ya siku kadhaa. Alisema yote hayo kwa uchangamfu, kisha akauona uso wa Emanuel.

"Jenga," alisema Aurelia.

Emanuel aliandika amri. Feni ilizunguka juu yao. Maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo, yakasimama, yakawa mekundu. Aurelia aliinama akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake mwenyewe, ili Abdulkarim asikie: plagini ya Kotlin haipo kwenye kompyuta hii, na bila mtandao haiwezi kupatikana.

"Jaribu tena."

"Haitajenga, afande."

"Basi siku ile ilijengaje?"

Aliyatazama maandishi mekundu, mabega yakaanza kumshuka. Aurelia hakumpigia kelele. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwambia anachokiona yeye. Siku ile ujenzi ulikataa hivi hivi. Emanuel akaufuta mstari wa Kotlin kwenye mipangilio, folda ya pili ikabaki nje, ujenzi ukapita. Baada ya mafuriko akaurudisha mstari ili mipangilio ionekane mizima. Lakini kujenga upya hakuthubutu, kwa sababu faili lingetoka tofauti na lile la Likwambi, kwa uzito na kwa tarehe. Ndiyo maana mpaka leo plagini ilikuwa haijapakuliwa. Aliyarekebisha maandishi tu.

"Kama nimekosea mahali, nirekebishe," alimaliza.

"Hujakosea," alisema Emanuel.

Yaliyobaki yalitoka yenyewe, kama maji kwenye tuta lililoshatoboka. Hakuufuta mstari kwa nia mbaya. Bodaboda ilikuwa inasubiri nje, mwenyekiti wa Likwambi alikuwa anapiga simu kuulizia namba yake, na mtandao haukuwepo. Akasema auweke kando tu mpaka mtandao urudi. Maandishi ya kijani yaliposema kwamba ujenzi umefanikiwa, hakika alifurahi. Mtandao ukarudi, naye akasema kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Kujenga upya kulitaka kupakua plagini, kupakua kulitaka bando, na bando lilitaka kumwambia Abdulkarim ni la nini, baada ya kuwa alishajigamba mbele yake kwamba Mariana akiondoka hakuna kitakachopungua. Alimwonea haya meneja, alimwonea haya Mariana. Na mto ulikuwa chini, mvua zimepungua, kanuni ya zamani imelinda watu miaka yote. Ndivyo alivyojiambia.

Abdulkarim alikuwa amekaa kwenye sakafu, mikono kichwani. Alisema kwa sauti ya kunong'ona kwamba bando lile angelitoa siku hiyo hiyo.

"Na Ildefonce?" Aurelia aliuliza. Hapo sauti yake ilipanda kidogo, kwa mara ya kwanza siku nzima. "Ulimpiga ukijua."

"Nilipompiga nilikuwa naogopa wataniangalia mimi."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aurelia alichukua kompyuta kama kielelezo, akamwachia Abdulkarim hati, akamfungulia Emanuel mlango wa gari. Hakumfunga pingu. Walipokaribia kituo kijana aliwaona watu wa Likwambi bado wamekaa ukutani, na miongoni mwao Mzee Ignas na kofia yake ya kitambaa. Akaomba apitishwe mlango wa nyuma. Aurelia alimwambia anaweza, ni haki yake. Emanuel akafikiri, kisha akasema basi, wapite mbele.

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo akiwa amesimama. Aliyasoma mara ya pili amekaa. Halafu akatoa jalada la Ildefonce kutoka kwenye rundo la kesho, akampa Aurelia, akamwambia amtoe mzee wa watu. Ni hayo tu aliyosema, na kwake yeye yalikuwa mengi.

Ildefonce alipotokeza barazani, mkono kifuani, watu walisimama wote kwa pamoja. Hawakuwa na habari. Mmoja alishaokota jiwe, mwanamke akaanza kumlilia Theresia kwa jina, na askari wakasogea mbele. Aurelia alikuwa amefungua kinywa kuwatangazia, lakini Emanuel akampita, akashuka ngazi, akasimama kati ya Ildefonce na watu wake mwenyewe.

"Mwacheni," alisema. "Hakuna alichokosa. Ni mimi."

Walidhani amechanganyikiwa na msiba. Ikabidi aeleze, na alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, folda, mstari, mtandao, mpaka maneno ya kompyuta yakaisha na yakabaki ya kawaida: kwamba kisanduku kilipelekwa kikiwa hakijui kulia mapema, na yeye alijua, na alinyamaza. Jiwe lilidondoka mahali fulani. Aliyekuwa akilia aliacha.

Mzee Ignas alisogea taratibu mpaka akawa mbele yake. Watu walimpisha. Aurelia alisogea pia, mkono tayari, maana hakujua mzee yule atafanya nini, na hakuwa na moyo wa kumlaumu kwa lolote ambalo angelifanya.

"Ulijua mama yako yuko shambani?" aliuliza Mzee Ignas.

"Nilijua, baba."

"Ulijua tangu lini king'ora kibovu?"

"Tangu kabla hajahamia dunguni."

Mzee alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayejaribu kuelewa njia aliyoelekezwa. Alipoinua mkono, Emanuel alifumba macho, lakini mkono uliishia begani kwake ukatulia pale.

"Ungenipigia simu tu, baba," alisema mzee. "Ungeniambia hicho kitu hakitalia. Ningekwenda kumtoa."